Sasa ni Lini?

Siku moja tulisimama langoni pa shamba la mkonge, safari ya saa chache kutoka mji wa Tanga, tukaona tangazo limebandikwa ukutani. Liliandikwa kwa Kiingereza, nalo lilieleza kwamba malimbikizo ya mishahara yatalipwa "presently". Kijana mmoja aliyepata elimu ya sekondari aliwafasiria wenzake kuwa fedha zinalipwa sasa. Wakata mkonge wakapanga mstari mbele ya ofisi, jua likiwawakia. Karani akatoka, akawaambia kuwa wamesoma vibaya: neno lile maana yake ni baadaye kidogo. Wakarudi makambini mikono mitupu, na yule kijana akachekwa.

Je, nani aliyekosea? Sisi twasema hakuna aliyekosea kati yao. Kwa desturi ya Uingereza neno lile lina maana ya punde. Lakini Marekani na Scotland watu wengi hulitumia kwa maana ya hivi sasa. Wala si hilo peke yake. Mwingereza akisema "just now", mara nyingi ataja jambo lililokwisha kupita kitambo kidogo. Mtu wa Afrika Kusini akitamka maneno hayo hayo aahidi jambo litakalokuja baadaye, na pengine baadaye sana. Ikiwa wasemaji wa lugha hiyo wenyewe hawapatani juu ya sasa yao, mkata mkonge wa Muheza atajuaje siku ya kwenda dukani kulipa deni la unga?

Lakini tusiicheke lugha ya wengine kabla ya kuitazama yetu. Kiswahili kina maneno ya kutosha, na kila moja lina kazi yake. "Hivi sasa" ni kwa jambo linalotendeka tunapolisema: meli inapakuliwa hivi sasa. "Siku hizi" ni kwa majira tuliyomo. "Hivi punde" ni kwa jambo lililo karibu. "Sasa hivi" lataka uangalifu, maana kitendo ndicho kiliongozacho: ametoka sasa hivi ni jambo lililopita, na nakuja sasa hivi ni ahadi. Kisha liko "kwa sasa", neno lipendwalo na maofisi. Kwa sasa hakuna fedha; kwa sasa hakuna nafasi. Neno hilo humwachia msikilizaji tumaini la kesho, ila halimwambii kesho hiyo ni ya tarehe ngapi.

Watu wa pwani hii hawakuanza jana kuumizwa na hesabu ya wakati. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na zama za ukoloni mashamba yake yalifanya kazi kwa kipande. Kila mfanya kazi alipewa kadi ya siku thelathini za kazi, na mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Aliyeugua, au aliyeshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa, siku ile haikuandikwa. Hivyo mwezi wake haukuwa mwezi wa kalenda. Ulirefuka bila yeye kupenda. Wazee wetu walijifunza pale jambo moja lisilosahaulika: mwenye kuishika kalenda ndiye mwenye kuushika mshahara.

Leo kipande hakipo, na sheria iko upande wa mfanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri kumpa mfanya kazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Na kama mfanya kazi hayaelewi, yaelezwe kwa namna atakayoielewa. Mwezi Februari 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Hatua hizo ni kubwa, nasi twazisifu. Hata hivyo, tafsiri peke yake haitoshi. Lile tangazo la langoni lingeandikwa kwa Kiswahili fasaha kuwa mishahara italipwa "hivi karibuni", wakata mkonge wangeelewa kila neno, na bado wangerudi mikono mitupu. Kinachotakiwa ni tarehe. Na ikiwa ni saa, iandikwe kwa hesabu yetu, asubuhi au jioni, ili saa mbili ya mmoja isiwe saa nane ya mwingine.

Twajua waajiri watajibu kuwa biashara ina mashaka yake: bei ya mkonge huteremka, meli huchelewa, na benki nayo hukawia. Hayo ni kweli. Lakini asiyeijua siku ya kulipa anaijua siku ya kutoa habari. Na aandike waziwazi: fedha hazijafika, na Ijumaa tarehe fulani tutawaeleza hali ilivyo. Mfanya kazi akiambiwa hivyo aweza kupanga mambo ya nyumbani kwake. Akiambiwa "kwa sasa", hawezi kupanga lolote.

Wala lawama hii haiishii kwa waajiri. Sisi wa Chama tuna sehemu yetu. Mara ngapi katika mikutano, kutoka Pangani hadi Mkinga, wananchi wameambiwa kuwa maji yanakuja sasa hivi, au kwamba barabara inashughulikiwa hivi sasa, hali hakuna jembe lililogusa ardhi? Gazeti hili nalo limeandika "hivi karibuni" mahali ambapo mwandishi alipaswa kuuliza lini. Tangu leo tutauliza.

Basi ndugu wafanya kazi, nanyi ulizeni. Si ufidhuli kumwuliza mkubwa wako, kwa adabu na mbele ya mwakilishi wa chama chenu cha wafanya kazi, sasa yake ni tarehe ngapi. Yule kijana wa langoni hakustahili kuchekwa, alistahili kujibiwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni lisilotajiwa siku ya kulipwa ni sadaka ambayo maskini humpa tajiri.