"Bus" maana yake "kwa wote"

Bandugu batumishi, bamama na bababa, leo ninaandika juu ya majina ya motokari. Musiseme huyu wa sendika ameacha mambo ya mushahara anaenda kucheza. Musome mupaka mwisho, mutaona njia tunapitia.

Kila siku tunasemaka limousine, berline, coupé, break, taksi, basi. Bengi banafikiri ni majina tu, sawa vile Toyota ao Peugeot. Hapana. Toyota na Peugeot yalitoka ku majina ya jamaa za benye kutengeneza. Lakini "berline" na "coupé" ni majina ya umbo, namna mwili wa motokari umepangwa. Na mengi yalitoka ku magari ya kuvutwa na farasi, mbele ya moteri kuzaliwa. Ukiyafungua moja moja, utakuta ndani swali moja: nani anaketi ndani, na nani anabaki inje?

Tuanze na "limousine". Limousin ni jimbo la Ufaransa, upande wa Limoges. Bachungaji wa kule balivaa koti kubwa la kujikinga na mvua, likaitwa limousine. Wakati motokari za kwanza zilipotengenezwa, ikatokea aina moja: tajiri anaketi nyuma mu chumba cha kufungwa na vioo, shofere anaketi mbele, mu upepo, na paa kidogo tu juu ya kichwa. Bengi banaeleza kama ile paa ilifanana na kofia ya lile koti. Basi ile motokari ya heshima kupita zote, ya bakubwa na ya ndoa, ilizaliwa na mutumishi akiwa inje.

Na "shofere" mwenyewe? Kwa Kifransa, chauffer ni kupasha moto. Chauffeur alikuwa yule wa kutia makala mu moto wa mashini mupaka maji yachemuke. Sisi wa Lubumbashi tunalijua lile neno mu mwili. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 kutoka Rhodesia, mashini ya moshi. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa ku usine ya Union Minière. Moto wote ule ulikuwa na mutu wa kuulisha, na yule mutu hakuwa mwenye reli wala mwenye shaba.

"Berline" ni jina la muji wa Berlin: gari la safari ndefu, la miaka ya 1600, lilitengenezwa kwa mutawala wa Brandenburg. "Coupé" maana yake "imekatwa". Balichukua berline, bakatoa benchi ya mbele, kukabaki nafasi ya batu babili. Musikie vizuri: ilipokatwa, mwenye gari hakukatwa. Balikatwa benye kuketi naye. Mutumishi wa sous-traitance anayesoma hapa hana lazima ya kuelezwa zaidi.

"Cabriolet" ilitoka ku kuruka kwa mbuzi, juu lile gari lilikuwa jepesi na lilirukaruka njiani. "Break" ni neno la Kiingereza, gari zito la kufundishia farasi kijana. Bazee banakumbuka Peugeot 404 break, kisha 504: makala, mihogo, godoro ya mwanafunzi anayeenda internat, yote ndani.

Lakini jina linaloniuma zaidi ni "sedan". Njo vile Bamerika banaitaka berline. Zamani, sedan ilikuwa kiti cha kufungwa, chenye miti miwili, kinachobebwa na bantu. Huku kwetu tunakijua: ni tipoye. Bakoka wetu balibeba bakubwa ya koloni mu tipoye, mu pori na mu mito. Moteri yake ilikuwa mabega. Leo jina lile linapita mu barabara, linang'aa, hakuna anayeuliza lilitoka wapi.

Sasa "bus". Mwaka 1826, ku muji wa Nantes, Ufaransa, mutu mumoja, Stanislas Baudry, alianzisha magari ya kupakia kila mutu kwa bei ndogo, tajiri na masikini benchi moja. Yakaitwa omnibus, neno la Kilatini, maana yake "kwa wote". Kisha bantu bakafupisha. Bakakata omni, yaani "wote", bakabakisha bus, ambayo ni mukia tu wa neno.

Njo hapa ninataka kufika. Pita asubui mapema ku barabara ya Likasi na Kolwezi. Utaona batumishi bamesimama mu kamiyo benne, bila kiti, bila paa, banashikamana ku mabega. Ku ile barabara moja utaona kamiyo ya shaba: katodi zimefungwa na mikanda ya chuma ili zisianguke mbele ya kufika Kasumbalesa. Shaba ina mukanda. Mwenye kuichimba hana.

Patroni atasema basi ni bei kali. Ninajibu: kama kuna feza ya kufunga shaba, kuna feza ya benchi na paa. Na sheria ikuwe ku mikono yetu. Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, ku article 7, inasema indemnité de transport si sehemu ya mushahara. Basi hakuna patroni wa kukuambia transport "iko ndani" ya mushahara yako. Na sheria ya sécurité sociale ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kuwa ajali ya kazi. Mama ambaye bwana yake ameanguka ku kamiyo asikubali kuambiwa "ilikuwa inje ya kazi". Aende kwa delege ya sendika, watangaze ku CNSS, bila kuchelewa.

Ninaomba madelege wote, mu mukutano unaokuja, baulize maneno matatu: motokari ya batumishi ina biti ngapi? Ina paa? Shofere anapumuzika saa ngapi? Majibu baandike mu procès-verbal, na patroni atie saini.

Hatuombi limousine. Tipoye tulishabeba, inatosha. Tunaomba basi, na lile neno lao lililokatwa litarudi mahali pake: wote.