Heshima kwa Asilimia Ngapi? Lugha na Tathmini ya Miradi ya Afya ya Uzazi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ingestahili kubandikwa katika ofisi za wanaotathmini miradi ya afya nchini Kenya, kwani wengi wao hupima vitanda ambavyo hawakuvilalia, na zana yao kuu ni hesabu: vitanda vingapi, wauguzi wangapi, kina mama wangapi walijifungulia hospitalini. Hesabu hizo ni za lazima. Ila hazitoshi, na pengo zinaloliacha ni pengo la lugha. Kwa hivyo linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Mathalani, tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali na vituo vya umma. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2008-09 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 44 ya watoto walizaliwa mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi. Mwaka 2014 kiwango kilikuwa asilimia 62, na mwaka 2022 kikafika asilimia 89. Mwenye kutazama safu hiyo pekee atapiga makofi. Vifo vya kina mama, hata hivyo, havikushuka kwa kasi hiyo. Utafiti wa 2014 ulikadiria vifo 362 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sensa ya mwaka 2019 ikatoa makadirio ya 355. Vyanzo hivi viwili havikutumia njia moja, na kuvilinganisha kwa pupa ni kosa. Hata hivyo, havimruhusu mtu kudai kwamba kufika hospitalini ni sawa na kuokoka. Kuna jambo linalotendeka baina ya lango na kitanda, na idadi ya waliopita langoni haiwezi kulieleza.

Mradi ulioitwa Heshima ulijaribu kuingia katika nafasi hiyo. Uliendeshwa kati ya mwaka 2011 na 2014 na shirika la Population Council kwa ushirikiano na FIDA Kenya na chama cha kitaifa cha wauguzi, katika vituo 13 vya afya. Katika awamu ya kwanza wanawake 641 waliulizwa maswali walipokuwa wakitoka hospitalini. Asilimia 20 walisema kwamba walitendewa kinyume cha utu kwa namna moja au nyingine: kufokewa, kupigwa, kuachwa peke yao wakati wa uchungu, kuzuiliwa kwa sababu ya deni. Baada ya mafunzo kwa wauguzi, usuluhishi wa malalamiko na siku za wazi ambapo wanajamii walikaribishwa kuiona wodi, kiwango kilishuka hadi asilimia 13. Pamoja na hojaji, watafiti walikaa katika vyumba vya kujifungulia wakitazama, wakawahoji wauguzi, wakaketi na wanajamii katika mijadala ya vikundi. Huku ndiko kutumia mbinu mseto: mkabala wa kiidadi na ule wa kithamano kulikabili swali moja.

Faida ya mseto huo huonekana mahali ambapo jedwali linakwama. Hesabu za Heshima zilibainisha kwamba waliojifungua katika zamu ya usiku walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kutukanwa na kupigwa. Jedwali linaishia hapo. Kama chanzo ni muuguzi aliyeachwa peke yake na wodi nzima, au ni kutokuwepo kwa msimamizi wa kumwonya, atakayesema ni muuguzi mwenyewe, naye hasemi kwa kuweka alama katika kisanduku. Vivyo hivyo kuhusu kuzuiliwa kwa deni: malipo yaliondolewa mwaka 2013, katikati ya mradi. Upungufu wowote wa kina mama waliozuiliwa ungeweza kuletwa na mafunzo au na sera, na takwimu za kabla na baada haziwezi kuvitenganisha bila masimulizi ya waliokuwepo.

Ushahidi mwingine unatoka ng'ambo ya mpaka, mkoani Tanga, katika eneo ambalo Kiswahili si lugha ya kukopa. Watafiti waliofanya kazi katika vituo vinane vya wilaya za Korogwe na Muheza waliwauliza kina mama waliokuwa wakiondoka kituoni kama walitendewa vibaya. Takribani asilimia 19 walikubali. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliokubali walifika asilimia 28. Uzazi ni ule ule na wodi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizwa na muda uliopita. Je, takwimu ya kweli ni ipi?

Mwanafunzi wa pragmatiki hashangazwi na tofauti hiyo. Mama aliyembeba mtoto mzima, akiwa angali katika ua wa hospitali, akiulizwa kama aliridhika na huduma, atajibu, "Namshukuru Mungu." Hilo si jibu la swali, ni tendo la staha, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki lingekuwa utovu wa adabu kulikosa. Karani wa hojaji huliandika kama "ndiyo". Tena kuna tatizo la msamiati. Dhana ya kutendewa vibaya hufika katika hojaji za Kiswahili kama "unyanyasaji" au "dhuluma", maneno yenye harufu ya polisi na mahakama. Mama aliyechapwa kofi la paja ili asukume anaweza kukana katakata kwamba alinyanyaswa. Aulizwe kama alikaripiwa, kama alifokewa, kama alisimangwa, kama aliguswa kwa namna asiyoipenda, na majibu yatatofautiana, kwa kuwa kukaripiwa na mkubwa huweza kuchukuliwa kuwa malezi ilhali kusimangwa hakusameheki. Kiswahili kina ngazi nyingi hapa. Hojaji iliyotafsiriwa haraka ina ngazi moja.

Isitoshe, mahojiano mengi hufanywa kwa Kiswahili, Kidholuo au Kikuyu, yakanukuliwa moja kwa moja kwa Kiingereza, na uchanganuzi ukaanza katika Kiingereza hicho. Tafsida zote huyeyuka njiani. Kisha ripoti inapoandikwa, nukuu mbili tatu hunyunyizwa juu ya majedwali kama dania juu ya mchuzi. Huo si mseto. Mseto unataka maneno ya wahojiwa yawe na uwezo wa kuipinga hesabu, na pale yanapoipinga, mtafiti arudi nyanjani.

Lawama haiwaendei watakwimu peke yao. Wapo wataalamu wa Kiswahili wanaoamini kwamba idadi ni ya wengine, na kwamba simulizi la mama mmoja linatosha kuwa hoja. Halitoshi. Bila ile asilimia 20, msimamizi wa hospitali angeweza kudai kwamba malalamiko ni porojo za mitaani. Na bila ile 13 hakuna ambaye angejua kwamba mafunzo yanaweza kuambatana na mabadiliko. Mwanafunzi wa isimu asiyeweza kusoma jedwali atabaki mtafsiri wa hojaji zilizokwisha kuandikwa na wengine, akilipwa kwa ukurasa. Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili ni dawa ya kila wodi: huko Nyandarua au Kisumu vijijini, lugha ya uchungu aghalabu si Kiswahili, na mtafiti anayeking'ang'ania huko atakuwa amerudia kosa la Kiingereza kwa sauti nyingine.

Idara za Kiswahili zinaweza kuanza na mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Hojaji za afya zijaribiwe na wanaisimu kabla ya kupelekwa nyanjani, si baada. Unukuzi ubaki katika lugha iliyosemwa, na tafsiri iwekwe kando yake ili msomaji wa pili aweze kuikosoa. Somo la mbinu za utafiti litolewe pamoja na wenzao wa afya ya umma, ili wanafunzi wa pande zote mbili wafanye sampuli moja na mahojiano mamoja. Tasnifu za uzamili, ambazo nyingi hurejea riwaya zile zile, zipewe nafasi ya kuchunguza mazungumzo ya kliniki, kwa idhini ya kamati za maadili na kwa kuficha majina ya kina mama na ya wauguzi pia, maana muuguzi wa zamu ya usiku naye ana kauli yake, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.