Pumu ya ngozi: mafuta ya Wahindi chukueni, kopo lisilo na jina liacheni dukani

Mama mmoja wa Temeke alifika kliniki na mtoto wa miaka miwili aliyevalishwa soksi mikononi. Dar es Salaam haina baridi ya kuvalishana soksi mikononi. Alimvalisha ili usiku asijikune mpaka damu. Ndani ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ya mtoto ilikuwa nyeusi kuliko kwingine, nene na yenye michubuko. Ndani ya pochi mama alikuwa na kopo la krimu ya njano aliyouziwa kama dawa ya Ayurveda kutoka India, "haina kemikali". Kopo halikuwa na jina la kiwanda, orodha ya vilivyomo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwenyewe aliisifu: siku tatu tu ngozi inalainika. Tatizo, akiacha kupaka, wiki haiishi ugonjwa unarudi mbaya kuliko mwanzo.

Dawa inayofanya hivyo inanitia wasiwasi, na wasiwasi huo hauna uhusiano na India. Mwaka 2003 madaktari wa watoto wa Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya vipimo vya krimu 24 za "mitishamba" ambazo wazazi walisema zinaponya pumu ya ngozi. Krimu 20 zilikuwa na steroidi ambazo hazikutajwa popote, nyingine zikiwa za aina kali kabisa, zile ambazo mtoto mdogo hapaswi kupakwa ovyo. Mzazi alikuwa anaikimbia steroidi ya hospitali, kumbe anampaka mtoto steroidi kali zaidi, bila kipimo wala ushauri, hata usoni.

Sasa tusiitukane Ayurveda kwa makosa ya wachuuzi. Tiba hii ya India ina zaidi ya miaka 2,000, na kitabu chake cha kale, Charaka Samhita, kinautaja ugonjwa kwa jina la vicharchika: ngozi inawasha, ina vipele, inakuwa nyeusi na kutoa majimaji. Ona neno hilo, nyeusi. Vitabu vingi vya Ulaya vilitufundisha kutafuta wekundu, na kwa watoto wetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unaona weusi, rangi ya zambarau au ya majivu, na vipele vidogo vilivyokwaruza kama msasa. Mganga wa kale wa India alikuwa anatazama ngozi inayofanana na yetu.

Maelezo yake ya chanzo, kwamba nguvu tatu za mwili ziitwazo vata, pitta na kapha zimepoteza uwiano, siwezi kuyatetea. Tunachojua leo ni kwamba ngozi ya mtoto huyu inavuja kama ukuta usio na lipu: maji yanatoka, vumbi, sabuni na jasho vinaingia, na mwili unapambana navyo kwa kuwasha. Mara nyingi ni jambo la ukoo, ndiyo maana huandamana na pumu ya kifua na mafua ya mzio. Hakuna aliyemroga mtoto, na hauambukizi.

Lakini katika matunzo ya kila siku Wahindi walipatia. Kupaka mwili mafuta kila siku, tena kwa mkono wa taratibu, ni desturi yao ya tangu zamani, na ukuta usio na lipu unataka hicho hasa. Wapo wanaoosha samli kwa maji mara 100 ndani ya chombo cha shaba mpaka iwe nyeupe na laini kama krimu, kisha wakaipaka kwenye ngozi inayowaka. Sikushauri ukeshe ukiosha samli. Mafuta ya nazi yapo, na haya yamepimwa: nchini Ufilipino watoto wenye pumu ya ngozi walipakwa mafuta ya nazi safi kwa wiki nane, wenzao wakapakwa mafuta ya madini, na wa nazi wakapata nafuu zaidi. Yawe ya nazi tupu, si yale ya saluni yenye manukato. Kama hayapo, mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu yanafaa sana na bei yake haiumizi. Mafuta ya haradali, ambayo sehemu za India hukandia watoto wachanga, yaacheni. Yanachoma ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Muogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila dodoki na bila sabuni ya kunukia. Mkaushe kwa kugusagusa, kisha mpake mafuta kabla ngozi haijakauka kabisa, na urudie mchana. Hii ni kazi ya kila siku, hata siku ngozi inapokuwa nzuri, na wengi wetu hapo ndipo tunaposhindwa.

Mwarobaini na manjano ninaulizwa kila wiki. Kuoga maji ya majani ya mwarobaini yaliyopoa sikukatazi kwa mtu mzima, ila jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku mbili. Kwa mtoto sioni faida ya kutosha. Kumnywesha mtoto mafuta ya mwarobaini ni hatari kabisa: huko India na Malaysia watoto wachanga walionyweshwa walipata degedege, wengine walikufa. Manjano ya kupaka huwasha baadhi ya watu na kuficha rangi ya kidonda. Unga na vidonge vya Ayurveda vya kumeza, msimpe mtoto. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, na karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi inaharibu ubongo unaokua.

Wala msimnyime mtoto maziwa, mayai na samaki kwa sababu muuza dawa amesema vinagongana mwilini. Nimeona watoto waliokonda kwa miiko kuliko walioumizwa na muwasho.

Ngozi ikiwaka, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo ndipo steroidi ya hospitali ina kazi yake: ya kiwango kinachofaa umri, safu nyembamba, kwa siku ulizoelekezwa, kisha unarudi kwenye mafuta. Krimu iliyokamuliwa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha mtu mzima inatosha eneo la viganja viwili. Inaogopwa kwa sababu inatumiwa vibaya mitaani kung'arishia ngozi, si kwa sababu ni sumu.

Mtoto akitoa usaha au magamba ya njano, akipata homa, au yakitokea malengelenge mengi yenye maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa Temeke aliniuliza kama akitupa kopo leo ngozi haitalipuka. Inaweza, ndiyo maana hatukumwambia aache ghafla. Tulimbadilishia dawa hafifu zaidi, tukampangia siku za kupunguza, akaondoka na chupa ya mafuta ya nazi. Soksi alibaki nazo kwa usiku wa wiki ya kwanza.