Utafikia kwa Ndugu

Kila mwenzetu anayehamia Guangzhou kikazi huambiwa neno hili kabla hata hajakata tiketi: "Ya nyumba usiyahangaikie, utafikia kwa ndugu." Huambiwa Kariakoo, huambiwa Gikomba, huambiwa Owino na Lubumbashi. Ni neno zuri, na lilipokuwa la kweli lilitujengea jina. Leo tunalipinga, na tunalipinga hadharani, tukijua kwamba baadhi ya watakaoudhika ni watu tunaokula nao sahani moja.

Tuelewane kwanza. Hatumsemi mgeni wa wiki moja anayekuja Maonesho ya Canton, akaagiza vigae na vipuri vyake, akaondoka. Huyo na alale hoteli. Tunamsema anayekuja kukaa: karani wa ofisi ya mizigo, mkalimani aliyemaliza chuo Wuhan au Nanjing akapata kazi huku kusini, mwalimu, mwakilishi wa duka la Dar au Mombasa. Huyu anahitaji nyumba, na nyumba hapa si kuta nne tu. Kwa sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, mgeni asiyelala hotelini lazima aandikishwe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Asipoandikishwa anaweza kutozwa faini ya hadi yuan 2,000. Akiandikishwa hupewa karatasi, na bila karatasi hiyo maombi ya kibali cha ukaazi hayaendi mbali. Kuipata karatasi kunataka mkataba wa nyumba na vielelezo vya mwenye nyumba. Ivute kamba hiyo hadi mwisho, ndugu msomaji, utaona kwamba jina lako likikosekana kwenye mkataba, hata kazi uliyoijia inaning'inia.

Sasa tumtazame huyo ndugu anayefikiwa. Amepanga nyumba Xiaobei, au Sanyuanli, au katika vichochoro vya Dengfeng ambako jua huingia kwa kuomba ruhusa. Mara nyingi hakupanga kwa mwenye nyumba halisi. Amepanga kwa Mchina ambaye naye amepanga, anayeitwa na wenyeji er fangdong, yaani mwenye nyumba wa pili. Ndugu yetu, basi, ni mwenye nyumba wa tatu. Ameweka vitanda vya ghorofa, sebule ameigawa kwa pazia, roshani ameiziba kwa mbao laini akaiita chumba. Mkataba hakuna, tunaaminiana. Risiti hakuna, sisi si ndugu? Na polisi? "Ukiulizwa sema umeingia jana."

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Nyumba ya kodi ya yuan 3,000 kwa mwezi, ukiweka vitanda sita na kila kitanda yuan 900, inaingiza 5,400. Ondoa umeme na maji, bado kuna faida nono. Hatumwonei mtu wivu kwa faida yake. Biashara ni biashara, nasi tumekuja mji huu kwa ajili ya biashara. Tunachokataa ni biashara kuvishwa kanzu ya undugu ili mteja aone haya kuuliza maswali ambayo angemuuliza dalali yeyote.

Watetezi wa vitanda wana hoja, na hatuwezi kuziruka. Ya kwanza ni kwamba Wachina hawampangishi mtu mweusi. Kuna ukweli mchungu humo. Wengi wetu tumesimama ofisini kwa dalali akimpigia simu mwenye nyumba, na kabla hajataja kiasi cha kodi tumesikia sauti upande wa pili ikiuliza mgeni huyo anatoka wapi. Likitajwa bara letu, nyumba imeshapata mtu. Huo ni ubaguzi, hauna jina jingine. Lakini wapo pia wanaokataa kwa kuogopa usumbufu wa polisi, kwani kanuni za mkoa wa Guangdong za mwaka 2011 ziliwahimiza raia kuripoti wageni wasio na vibali, na mwenye nyumba hataki kugongewa mlango usiku. Na wapo wanaokataa kwa sababu walishapangisha mmoja wetu, wakarudi baada ya miezi mitatu wakakuta wapo wanane, choo kimeziba na majirani wamepeleka malalamiko. Ya kwanza na ya pili hatuwezi kuyaondoa kwa mikono yetu. Hili la tatu tumelitengeneza wenyewe, na analipia mwingine: kijana asiye na hatia anayekuja kubisha hodi na pasipoti yake safi.

Hoja ya pili ni fedha. Desturi ya Guangzhou ni dhamana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele, na dalali mara nyingi huchukua nusu ya kodi ya mwezi. Kwa ile nyumba yetu ya yuan 3,000, unahitaji 10,500 mkononi kabla hujanunua godoro. Ni nyingi kwa aliyeshuka jana, hatubishi. Hata hivyo sisi ni watu wa nchi ambako wenye nyumba wa Dar hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na watu huzitafuta wakazipata. Tena sisi ni watu wa upatu, wa chama, wa likelemba. Akifariki mwenzetu hapa, fedha za kumrudisha nyumbani hukusanywa kwa siku chache, na hakuna anayeulizwa mara mbili. Maiti tunaidhamini. Aliye hai, mwenye barua ya kazi na mshahara unaokuja mwisho wa mwezi, tunashindwa kumkopesha dhamana ya miezi miwili?

Hoja ya tatu ndiyo inayotuudhi hasa: ati huu ni utamaduni wetu, Mswahili hakai peke yake. Anayesema hivyo ameisahau nyumba ya Kiswahili yenyewe. Vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma wenye jiko na choo, na wapangaji wamebanana kweli. Lakini mwenye nyumba yumo humo humo au mtaa wa pili, anajulikana kwa jina na kwa ukoo, na mjumbe wa nyumba kumi alikuwa akijua nani analala wapi. Mpangaji wa chumba kimoja Magomeni alikuwa na anwani. Aliyelala kwenye kitanda cha Xiaobei hana. Utamaduni gani unaomficha mgeni wake?

Wapo watakaotukumbusha Aprili 2020, na wana haki. Mwezi ule, kwa hofu ya korona, Waafrika wa Guangzhou walitolewa majumbani na hotelini, wengine wakalala barabarani, na waliotolewa ni pamoja na waliokuwa na vibali na kodi waliyokwisha kulipa. Watu ambao hawakuwa wamesafiri popote waliwekwa karantini. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya pamoja kulalamika, na Moussa Faki Mahamat wa Umoja wa Afrika akamwita balozi wa China kujieleza. Kwa takwimu za mji wenyewe, Waafrika 13,652 waliokuwapo mwisho wa 2019 walikuwa wamebaki 4,553 katika Aprili ile. Basi, wanatuuliza, karatasi iliwasaidia nini?

Siku ile yenyewe, pengine haikuwasaidia kitu. Hatutadai kwamba karatasi ni ngao. Lakini mwanzoni mwa Mei 2020 wakuu wa serikali walitangaza hatua za kuzuia ubaguzi, upangishaji wa nyumba ukiwamo. Zilikuja kwa kuchelewa, na baada ya kelele za dunia, ila zilikuja. Mwenye mkataba alikuwa na jina la aliyemtoa, tarehe, na dhamana yake iliyoandikwa. Alikuwa na kitu cha kumpelekea balozi. Mwenye kitanda angedai nini? Huwezi kulalamika kwamba umefukuzwa katika nyumba ambayo kwa maandishi hukuwahi kuingia.

Na sheria zimeendelea kusogea, watu wetu wakibaki na mazoea yao. Kanuni ya Madai ya China, inayotumika tangu Januari 1, 2021, katika kifungu cha 716 inasema mpangaji anaweza kupangisha mwingine kwa ridhaa ya mwenye nyumba, na asipopata ridhaa hiyo, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba. Maana yake ni kwamba vitanda vyote sita vinaweza kuanguka siku moja, waliolala juu yake wakiwa wamelipa. Kanuni mpya za upangishaji wa nyumba, zilizoanza Septemba 15, 2025, zinataka mkataba utaje kiasi cha dhamana na lini itarudishwa, na isikatwe bila sababu ya haki. Zinakataza pia jikoni, bafu, roshani au stoo ya chini ya ardhi kupangishwa kama mahali pa kuishi. Ile roshani ya mbao laini, basi, imepigwa marufuku na serikali ambayo ndugu yetu hajawahi kuisoma.

Tunataka nini? Hatutaki mtu afukuzwe usiku wa leo. Tunataka anayepangisha vitanda awe na ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba halisi, amwandikishe kila anayelala kwake, na atoe risiti. Asiyeweza, aache. Anayekuja kukaa miaka apange kwa jina lake, hata kama ni chumba kidogo mbali na Xiaobei. Treni za chini ya ardhi zinafika hadi Foshan tangu 2010, na huko kuna wenzetu wanaoishi kwa utulivu. Na vyama vyetu vitenge mfuko wa kukopesha dhamana, irudi mkopaji anapohama, akopeshwe mwingine.

Mkutano ujao tunaomba ajenda iwe hii moja. Kila anayepangisha aje na mkataba wake, tuusome pamoja mstari kwa mstari. Wakalimani tunao wa kutosha, na kadhaa kati yao walianza mji huu kwenye vitanda hivyo hivyo.