TAHARIRI: Furaha Walizotuachia Wazee

Mtume Mtukufu s.a.w. alipohamia Madina aliwakuta wenyeji wana siku mbili za michezo walizozirithi tangu zama za ujahili. Hadithi iliyopokewa na Anas r.a. yatueleza kwamba aliwaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku hizo kwa zilizo bora zaidi: Idil-Fitri na Idil-Adh-ha. Tuzingatie neno hilo, kubadilishiwa. Hawakunyang'anywa furaha wakabaki mikono mitupu. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki na ngao msikitini siku ya Idi, Mtume s.a.w. hakuwazuia, bali alimwacha Bibi Aisha r.a. awatazame mpaka akatosheka.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu mila za furaha walizotuachia wazee wa pwani zinafifia, nasi tumegawanyika makundi mawili. Wako wanaozitupa zote kwa jina la dini, na wako wanaozikumbatia zote kwa jina la utamaduni. Wote wawili wameacha kazi ya kupambanua.

Tutazame Mwaka Kogwa, unaoadhimishwa kila Julai huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa kufuata kalenda ya Nairuzi yenye asili ya Uajemi. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili chuki za mwaka mzima ziishie uwanjani, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Kudhani kwamba moshi wa kibanda hicho unabashiri heri au shari ya mwaka ni jambo lisilopatana na imani ya Muislamu, kwani ghaibu aijua Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini je, kumaliza kinyongo na jirani, na kumkirimu mgeni aliyefika siku hiyo, navyo tuvitupe?

Au tutazame bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Likiingiwa na kamari, au kete zikiendelea kuhesabiwa huku adhana inaita, hilo ni kosa lisilo na utetezi. Hata hivyo, barazani penye bao mzee na kijana walikaa pamoja, na asiyeonekana siku mbili aliulizwa hali yake. Mgonjwa hakufichika, wala mwenye njaa.

Ndivyo ilivyokuwa Idi. Watoto walipita nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, na kwa njia hiyo walizijua nyumba za jamaa na majirani, nao wakajulikana. Leo wengi wetu twatuma salamu kwa simu na kuona tumetimiza wajibu. Mtoto ana nguo mpya, lakini hamjui mjane wa nyumba ya tatu. Hasara kubwa iko hapo, wala si katika kukosekana kwa ngoma.

Ndugu wasomaji, Idi ijayo tuwashike watoto wetu mikono tuwapeleke kwa wazee na wagonjwa wa mtaa. Tuliyegombana naye tumtangulie kwa salamu kabla jua halijatua. Yaliyo ya shirki na upuuzi tuyaache. Yanayounga udugu tuyahuishe, maana mzee aliyeyajua akishazikwa, hakuna wa kutufundisha tena.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.