Rugezi Imepona, Deni Bado

Watu wanaposema kwamba ardhioevu ni ya ndege na watalii, mimi huwajibu kwa jina moja: Rugezi. Kinamasi hiki cha kaskazini mwa Rwanda hupeleka maji katika Ziwa Burera, na maji ya Burera hushuka hadi Ziwa Ruhondo yakipitia mitambo ya umeme ya Ntaruka. Nyasi na udongo wake wa mboji hufyonza maji ya mvua kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukiikausha Rugezi, unazima taa Kigali.

Ndivyo ilivyotokea. Mifereji ilichimbwa ili watu wapate mashamba, na udongo wa vilimani ukaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya Burera yalipungua sana, Ntaruka ikazidiwa, nchi ikaanza kuchoma dizeli kwa gharama kubwa. Uhaba wa mvua na usimamizi mbaya wa mitambo vilichangia, sikatai. Lakini kinamasi chenye afya ndicho kingekuwa akiba yetu siku hizo za ukame.

Serikali ikapiga marufuku kilimo na malisho ndani ya kinamasi, matuta yakachimbwa vilimani, miti na mianzi ikapandwa. Maji yakarudi. Rugezi, iliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2005, sasa inasifiwa kama mfano wa kuigwa.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Tunahesabu korongo na megawati, lakini hatumhesabu mkulima aliyetolewa. Wapo wanaosema: kinamasi ni mali ya serikali, mkulima hakuwa na hati, basi hana la kudai. Hoja hiyo ni nyepesi. Mtu yule hakushuka bondeni kwa ukorofi. Kule kilimani shamba la ukoo limegawanywa na kugawanywa tena mpaka halitoshi kulisha nyumba moja. Viazi vyake viling'olewa ili taa yangu iwake. Je, ni haki mwenye kidogo amlipie mwenye kingi?

Sidai mifereji ifunguliwe tena. Ninachodai ni kwamba sehemu ndogo ya kila faranga tunayonunulia umeme iende katika vijiji vinavyoizunguka Rugezi: mbolea na mbegu za kulimia matutani, mizinga ya nyuki, na utaratibu wa kukata nyasi kwa zamu ili watu wasuke mikeka. Hiyo si sadaka, ni ujira wa kutunza maji. Mwenye njaa hazuiwi na kibao cha onyo. Atarudi usiku na jembe lake, na mfereji mmoja utazaa wa pili.

Dawa ya deni ni kulipa. Sisi tunaosomea chini ya taa za umeme ndio wadaiwa.