Kupiga Polishi Nako ni Ufundi

Waama, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini mimi leo nimeamua kusema, liwe liwalo. Muhula uliopita, tukiwa bwenini, mwenzetu mmoja alinicheka niliposema kwamba likizoni humsaidia mjomba kupiga polishi magari. "Ati kuosha magari! Hiyo ni kazi ya waliofeli," akasema, na bweni zima likaangua kicheko. Siku ile nilinyamaza. Jibu langu ni hili hapa.

Kwanza, wanafunzi wenzangu, kuosha ni kuosha na kung'arisha ni kung'arisha. Maji na sabuni huondoa vumbi. Mashine ya polishi huondoa rangi yenyewe! Ndiyo, mmesoma sawasawa. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka kadhaa za rangi, na ile ya juu kabisa ni angavu kama kioo. Mafundi huiita klia. Ile ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi. Milimita 1 ni mikroni 1,000, kwa hivyo klia hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa wengi wetu. Fundi anapoondoa mkwaruzo, haufukii. Anachofanya ni kuipunguza klia iliyo kando yake mpaka ilingane na kina chake. Kilichotoka hakirudi, maji yakimwagika hayazoleki.

Pili, mnauliza kwa nini nasema gari jeusi? Kwa sababu jeusi halina siri. Gari jeupe hurudisha mwanga kila upande, na mikwaruzo midogo hupotea humo. Jeusi humeza mwanga unaoingia ndani. Kinachorudi machoni ni kile kilichoakisiwa na uso wa klia tu. Uso ukiwa laini, utajitazama na kuchana nywele. Ukiwa na mikwaruzo, kila mmoja hutawanya mwanga wake, na jua likiwaka utaona kama utando wa buibui kwenye boneti nzima. Mara nyingi buibui huyo huletwa na kitambaa chenye mchanga, yaani huko huko kwenye kuosha! Mwalimu wetu wa fizikia alipofundisha kuakisiwa kwa mwanga, mimi nilikuwa nimeshauona mtihani huo gerejini.

Basi sikizeni kazi ilivyo. Tunaosha gari, kisha tunapitisha udongo maalumu unaonasa chembe zilizong'ang'ania rangi. Tunabandika tepu ya karatasi kwenye kingo na plastiki. Halafu tunajaribu mahali padogo kwa sponji laini na dawa isiyo kali, kabla ya kufikiria iliyo kali. Mashine nazo ni za aina mbili. Kuna inayozunguka tu. Hiyo hukata upesi na kuleta joto jingi. Kuna inayozunguka huku ikiyumba. Hiyo ni ya polepole lakini ina huruma. Mwishowe tunafuta mafuta yote ya dawa na kumulika kwa tochi ili tuuone ukweli, ndipo nta ipakwe.

Mimi huruma hiyo niliidharau siku moja. Tulikuwa na gari jeusi la mzee mmoja aliyelipenda kama mboni ya jicho. Jioni ilikuwa imeingia, nami nilitaka kwenda kutazama mpira. Nikaichukua ile mashine kali, nikakawia nayo kwenye ukingo wa boneti, mahali ambapo rangi huwa nyembamba na joto hukusanyika. Nikasikia harufu. Nilipoinua mashine, lo! Doa la kijivu, kubwa kama shilingi kumi.

Mjomba angeweza kulipaka kalamu nyeusi na kunyamaza. Hakufanya hivyo. Alimpigia simu mwenye gari: "Mzee, tumeharibu, na tutatengeneza." Boneti ikapakwa rangi upya kwa pesa zake mwenyewe, na mapato ya juma zima yakaishia hapo. Mimi nikalia. Naye akaniambia, "Mpwa wangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini ukingo ule usiusahau." Hadi leo sijausahau.

Wapo, bwana, wasio kama mjomba. Hupaka mafuta mazito yanayojaza mikwaruzo, wakachukua pesa zao na kwenda. Gari huoshwa mara mbili tatu, na buibui huyo amerudi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini wenye magari nao wana makosa. Hudai gari lisilo na kovu hata moja, tena kwa bei ya chai na mandazi. Mkwaruzo unaonasa ukucha mara nyingi umezama mno. Kuufuata hadi chini ni kulichuna gari ngozi. Kwa maoni yangu, fundi bora anajua pa kuachia, na anathubutu kumwambia mteja hivyo.

Ndiposa nawaomba walimu wetu: siku ya kuzungumzia kazi tutakazofanya maishani, msitualikie daktari na wakili peke yao. Mwiteni fundi naye aje na mashine yake. Kazi inayohitaji fizikia, subira na ukweli, hiyo tunaiitaje ya waliofeli?

Na wewe mwenzangu uliyenicheka, sina kinyongo nawe. Karibu gerejini likizo hii. Nitakupa kitambaa safi uanze nacho. Mashine hutaigusa mpaka mjomba aseme.